Nani Atamwozesha Zuwena

Foleni ya sabuni ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, ikapita mbele ya mashine ya kusaga, ikapinda kona na kuishia karibu na kituo cha mabasi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tisa, mwaka 1982, na jua la Shinyanga lilikuwa limekwisha kuwa kali. Watu waliofika alfajiri walikuwa wameacha mawe kushika nafasi zao wakaenda kunywa uji. Sasa walirudi mmoja mmoja, na kila mmoja alidai jiwe lake.

"Hili langu, nimelipaka mkaa!"

"Mama, mkaa hata mimi ninao nyumbani."

Zuwena alicheka pamoja na wengine. Alijifunga doti ya khanga za buluu, moja kiunoni na nyingine kichwani, na mkononi alishika kikapu cha ukindu. Kisha foleni ikasogea, naye akajikuta nyuma ya mwanamume mrefu aliyevaa shati jipya la kaki. Kicheko kikamkatika.

Shati lile lilikuwa na mfuko mgongoni.

Ulikuwa mfuko wa kweli, wenye kifuniko na kifungo, umekaa sawasawa katikati ya mabega mawili. Mshono wake ulikuwa mnyoofu, na kila pembe ilikazwa kwa uzi mara mbili. Zuwena aliujua mshono ule kama alivyojua sauti ya baba yake.

"We kaka!" alisema kabla hajajizuia. "Hilo shati livue."

Foleni nzima iligeuka. Mwanamume yule naye akageuka taratibu, akamtazama kuanzia khanga ya kichwani hadi kandambili.

"Dada, hata jina langu hujaniuliza!"

Watu waliangua kicheko. Mzee mmoja alishika tumbo. Zuwena alitamani ardhi ifunguke.

"Samahani," alisema kwa sauti ndogo. "Nina maana, limekosewa. Nipe nilirekebishe. Fundi aliyelishona ni baba yangu."

"Mzee Akida wa Majengo?"

"Ndiye."

"Basi halikukosewa. Aliponikabidhi alisema, 'Kijana, hakuna fundi mwingine atakayekushonea shati kama hili.' Nami nikaona mzee amesema kweli tupu."

Zuwena aliuma mdomo, lakini kicheko kilimponyoka puani. Papo hapo macho yakamlowa, akajifanya vumbi limemwingia.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Alilishika kwa mikono miwili, kama mtu anayekupa mtoto umpakate. Ningemwambiaje? Nikalivaa palepale, akafurahi sana."

"Na huo mfuko unauwekea nini?"

"Kitambulisho. Askari akinisimamisha, namgeuzia mgongo."

Safari hii alicheka mpaka kikapu kikamwanguka. Mwanamume akakiokota. Jina lake lilikuwa Shaaban, mzaliwa wa Ujiji. Alikuwa fundi wa mashine za kuvuta maji huko Geita, ambako wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakishuka katika mashimo waliyoyaita maduara, na mvua ikinyesha maduara yote yakajaa. Alikuja Shinyanga kutafuta vipuri.

"Baba alikuwa na homa siku ile," Zuwena alisema walipoachana, bila kuulizwa. "Malaria."

"Mpe pole," alijibu Shaaban.

Malaria ile ilikuwa na miaka miwili sasa.

Ilianza kwa kusahau mkasi, kisha majina, kisha njia ya kwenda msikitini. Mzee Akida, aliyewashonea kanzu maharusi wa mji mzima, sasa alishona mkono wa shati mahali pa kola, au aliziba shingo ya gauni mteja asipate pa kupitisha kichwa. Ila mikono yake haikusahau uzi. Zuwena alikuwa binti yake wa pekee, na mama yake alikwisha kufariki. Kila siku baada ya alasiri aliingiza kazi zote chumbani, akazifumua, akazishona upya, akazipiga pasi. Asubuhi akawapa wateja na kusema, "Baba amemaliza." Mtu akitaka kumsalimu mzee, alijibiwa kwamba amelala, ana homa, arudi kesho. Mlango alikuwa akiufunga kwa komeo; siku ya shati la Shaaban tu alikuwa amekwenda kisimani akalisahau.

Alijiambia kwamba hiyo ndiyo heshima. Baba yake hakuwahi kutoka nje bila kofia iliyopigwa pasi. Iweje binti yake amtoe nje bila akili zake?

Shaaban alikuja kesho yake na shati limekunjwa kwapani. Zuwena alitaka kulipokelea mlangoni, lakini Mzee Akida alikwisha kumwona.

"Karibu, kijana, karibu! Dada, mpe mgeni kiti."

Shaaban alitazama huku na huku akimtafuta huyo dada. Zuwena aliinamisha uso.

"Ni mimi," alinong'ona. "Ananiita dada Mwanaima. Ni shangazi yangu, alikwisha kufariki. Usimcheke."

Shaaban hakucheka, wala hakutikisa kichwa kwa huruma kama watu wanavyofanya. Alivua viatu, akaketi mkekani karibu na cherehani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Geita, baba."

"Huko kuna dhahabu."

"Ipo, lakini maji yametutangulia kuiona."

Mzee akacheka kicheko chake cha zamani. Baada ya muda mfupi akauliza tena, "Watokea wapi, kijana?" Naye Shaaban akajibu vilevile, kwa uchangamfu uleule, kana kwamba swali ndilo kwanza linatoka. Zuwena, aliyekuwa akimimina chai, alisimama na birika mkononi. Hakuwahi kumsikia mtu akimjibu baba yake namna ile. Yeye mwenyewe alikuwa akijibu huku amekunja uso.

Tangu siku hiyo vipuri vya Shaaban vikawa vinapatikana Shinyanga tu. Alikuja na lori la pamba, akaondoka na lori la chumvi. Siku ambazo hakuweza kuja, alipiga simu dukani kwa Mwanne. Huyo alikuwa jirani yao, mjane mnene mwenye maneno mengi, na duka lake lilikuwa na simu ya pekee mtaani.

"Zuwenaaa!" Mwanne alikuwa akipaza sauti kupitia dirishani. "Geita iko hewani! Njoo upesi kabla sijaanza kuzungumza naye mimi!"

Zuwena alikuwa akikimbia, na unga mikononi.

"Halo, laazizi. Umekula?"

"Kuna watu dukani, Shaaban."

"Basi wasalimie. Umekula?"

"Nimekula."

"Mzee?"

"Amenikatalia chakula. Anasema nimpe shangazi kwanza."

"Weka sahani mbili. Moja useme ni ya shangazi. Akimaliza yake, mbadilishie."

Alijaribu, na mzee akala sahani zote mbili.

Siku moja Shaaban aliona vitabu vimefunikwa kitambaa juu ya kabati. Zuwena alimweleza kwamba alikuwa akisoma masomo ya jioni, yale wanayosoma watu wazima waliokosa sekondari, na alikuwa amefika kidato cha pili. Aliacha baba alipoanza kuugua.

"Ulikuwa ukipenda somo gani?"

"Historia. Na hesabu kidogo." Alitabasamu. "Nilikuwa nikitoka pale najiona kama nimefunguliwa dirisha."

"Darasa ni lini?"

"Leo. Lakini..."

"Vaa viatu. Nitakaa na mzee."

"Utaweza?"

"Nimekwisha kushinda kutwa ndani ya shimo na mashine inayopiga kelele. Mzee Akida atanishinda kwa lipi? Nenda, roho yangu."

Jioni ile Zuwena aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yamebanwa, akasikiliza mwalimu akieleza vita vya Majimaji. Aliporudi aliwakuta wanaume wawili wanabishana kwa furaha juu ya namna bora ya kupika samaki. Usiku alisali, na baada ya sala akabaki kwenye mswala. Kwa muda mrefu dua yake ilikuwa moja tu, ya kuomba baba arudi kama zamani. Siku hiyo alimshukuru Mungu kwanza, akashangaa kuona kwamba bado alikuwa na shukrani ndani yake.

Shaaban alimposa barazani, mchana, huku akimchambulia mchele.

"Zuwena, nataka nikuoe."

Kokoto ilimdondoka Zuwena vidoleni. "Unaposa kwenye ungo wa mchele?"

"Mahali pengine hunipi nafasi. Unanipenda?"

"Swali gani hilo?"

"Jibu."

"Nakupenda mpaka Mwanne amechoka kunisikiliza."

"Basi nitume wazee kwa baba yako?"

Uso wa Zuwena ukabadilika. Mwanamke wa Kiislamu huozeshwa na walii wake, na walii wa Zuwena alikuwa Mzee Akida. Kama baba hana tena akili timamu, haki hiyo huhamia kwa ndugu yake, baba mdogo Abdu aliyekuwa Tabora. Lakini ili ihame, lazima mtu asimame mbele ya shehe na kusema kwamba Akida hana akili. Mtu huyo angekuwa nani, kama si yeye anayeishi naye?

"Subiri kidogo," alisema. "Homa yake ipungue."

Shaaban akarudi kwenye mchele.

Alisubiri. Mvua za vuli zikaja, zikapita, naye aliulizapo alipewa jibu lilelile. Basi siku ya Alhamisi moja, bila kumwambia Zuwena, alikwenda nyumbani kwa shehe kuuliza sheria inasemaje. Shehe alikuwa rafiki wa Mzee Akida tangu ujana wao, na alikuwa amejibiwa "amelala" mara nyingi mpaka akaacha kwenda. Aliposikia habari yenyewe alilia. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, akasimama mbele ya waumini, akamwombea ndugu yao Akida ambaye akili zimempungua, na akausia kwamba yeyote atakayemkuta njiani amrudishe nyumbani kwa upole.

Mwanne ndiye aliyezileta habari, akihema.

"Shoga, leo msikitini baba yako kaombewa dua! Shehe kasema akili zimemwondoka. Watu wamelia."

"Nani kamwambia?"

"Si Shaaban wako? Jana alikuwa kwake."

Shaaban alifika alasiri ileile, amebeba samaki, sato wawili wakubwa walioletwa na lori kutoka ziwani Nkome, anatabasamu. Zuwena alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikwenda kwa shehe."

Tabasamu likamtoka. "Nilikwenda."

"Ukamwambia baba yangu ni mwendawazimu."

"Neno hilo halijanitoka kinywani, Zuwena. Niliuliza mzee akiwa hawezi, nani anaozesha. Hilo la kutangaza sikulijua, wallahi."

"Bila kunishirikisha mimi!"

"Nikikushirikisha unaniambia homa. Homa gani ya miaka miwili?"

Neno lile lilimpata pabaya.

"Miaka miwili nafumua na kushona ili jina lake libaki safi. Wewe umelitupa barabarani siku moja, kwa sababu una haraka ya kuoa!"

"Zuwena..."

"Nenda zako Geita. Na samaki wako nenda nao."

Shaaban alisimama kitambo, samaki wakining'inia mkononi. Ndani, sauti ya mzee iliuliza, "Dada, mgeni anatokea wapi?"

"Geita, baba," alijibu Shaaban. Akaondoka.

Simu ikalia dukani kwa Mwanne siku baada ya siku, na Zuwena akawa anajibu kwamba ana kazi. Kwa kweli kazi alikuwa nayo. Aliacha darasa tena. Akashona mchana kutwa ili wateja wasipungue, kwa kuwa aliamini sasa hakuna atakayemletea nguo fundi asiye na akili. Lakini wateja hawakupungua, na hakuwa na nafasi ya kujiuliza kwa nini.

Mchana mmoja wa siku ya soko alilala kichwa juu ya cherehani. Alipoamka, komeo lilikuwa wazi na kofia haikuwa msumarini.

Alitoka mbio hadi barabarani, kisha akapunguza mwendo. Kuuliza ni kutangaza. Akatembea kama mtu anayekwenda dukani, shingo ikizunguka kila upande. Alifika njia panda, akarudi. Akaenda tena.

"Dada Zuwena!" Kinyozi alimwita kutoka chini ya turubai lake. "Unamtafuta mzee? Alikuwa hapa, nimemnyoa ndevu. Tukamsindikiza mpaka sokoni. Usiwe na wasiwasi, yuko na Mama Generosa."

Zuwena alimtazama bila kuelewa, kisha akakimbia.

Alimkuta nyuma ya marundo ya nyanya. Mzee Akida ameketi juu ya kreti, uso unang'aa kwa kunyolewa, mdomoni anatafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mapajani ametandaza gunia la Mama Generosa lililopasuka. Alikuwa akilishona kwa sindano ya magunia, taratibu, kwa raha, kama zamani.

"Mwadila, mayu," alimsalimu Mama Generosa kwa lugha yake, mwanamke wa Kisukuma mwenye mikono mipana. Aliona uso wa Zuwena, akamsogezea kibao. "Keti kwanza. Utaanguka juu ya nyanya zangu."

"Amekusumbua?"

"Anisumbue? Mzee huyu, namhala wetu, amenishonea magunia matatu! Juzi kanisani tumeambiwa na sisi tumwangalie. Shehe wenu alimpa habari katekista wetu."

Zuwena alijifunika uso kwa khanga. "Kwa hiyo mji mzima unajua."

Mama Generosa alimpimia mteja nyanya, kisha akageuka.

"Mayu, nikuambie? Tulijua zamani. Mwaka jana niliona mwenyewe amesimama mlangoni kwenu amevaa kanzu nje ndani. Lakini kila tukija unasema ana homa. Tukasema, basi, binti hataki, tusimwaibishe. Tukawa tunapita mbali." Alishusha sauti. "Namhala huyu si wako peke yako. Aliwashonea watoto wangu wote nguo za ubatizo, nilipokuwa sina kitu. Na sisi tulimtaka."

Zuwena alilia pale pale sokoni, mchana kweupe, watu wakipita na mizigo yao. Hakuna aliyemcheka. Mzee Akida aliinua macho kutoka kwenye gunia, akamtazama kwa huruma ya mtu mwema kwa mgeni.

"Dada, nani amekuudhi?"

"Hakuna, baba. Nimechoka tu."

"Basi kaa. Hapa pana watu wazuri."

Walirudi nyumbani wameshikana mikono, katikati ya barabara, na kila aliyewasalimu Zuwena alimjibu na kusema, "Msalimie na baba." Alasiri ile alikaa kwenye mswala muda mrefu kuliko kawaida. "Ewe Mola," aliomba, "nilimficha nikidhani namheshimu. Nilikuwa namwonea aibu. Nisamehe. Nifundishe kumpenda huyu uliyenipa leo." Alipokunja mswala, komeo hakulirudisha.

Kisha akaenda dukani kwa Mwanne na kuomba simu ya Geita.

Mwanne aliweka chini kipimo cha sukari bila kusema neno, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Wateja wakanyamaza pia. Mtu wa mitambo ya simu kule posta alihangaika na nyaya, na mwishowe sauti ya karakana ikasikika, ikafuatwa na miguu ya mtu anayekimbia.

"Halo? Nani?"

"Mimi."

"Zuwena. Mzee mzima?"

Hilo ndilo lililomvunja. Hakuuliza jambo lingine lolote kwanza.

"Mzima. Leo alipotea."

"Alipotea!"

"Nimempata sokoni, anashona magunia. Wamemnyoa na ndevu. Ni kwa sababu ya lile tangazo, Shaaban. Nisingempata."

"Bado nilikukosea. Nilikwenda peke yangu. Jambo lilikuwa lako, nami nikalibeba bila kukuuliza."

"Ulinikosea," alisema Zuwena. "Nami nikakutukana. Nisamehe."

"Nilikwisha kukusamehe kabla sijafika kituo cha lori. Wale samaki nimewala kwa machozi."

Alicheka huku analia. "Nisikilize. Nikiolewa, sitoki nyumba hii. Baba simwachi."

"Nani kakuambia utoke? Nitahamia mimi. Mashine zinaharibika hata Shinyanga."

"Watu watasema umeolewa wewe."

"Waseme. Nimekwisha kuvaa mfuko mgongoni mji mzima unanitazama. Aibu gani imebaki?"

"Dakika zimekwisha," ilisema sauti ya mtu wa mitambo, kisha ikaongeza kwa upole, "lakini malizeni tu."

"Mwambie aje kesho!" alipayuka Mwanne.

"Nani huyo?" aliuliza Shaaban.

"Duka zima," alijibu Zuwena. "Njoo kesho."

Baba mdogo Abdu alikuja kwa treni kutoka Tabora, na kanzu yake ndani ya sanduku. Alikuwa mtu mwema lakini mwenye kupenda mambo yaende upesi. Siku ya ndoa, kabla wageni hawajajaa, alimwita Zuwena pembeni.

"Mwanangu, kaka tumweke chumba cha ndani. Anaweza kusema jambo katikati ya khutba, tukafedheheka."

Zamani Zuwena angeshukuru. Sasa alimtazama baba yake mdogo, akasema kwa adabu, "Hapana, baba. Atakaa sebuleni, kwenye kiti chake. Akisema jambo, litakuwa limesemwa na baba wa bibi harusi."

Shehe alifika. Aliketi karibu na rafiki yake, wakashikana mikono. Kisha akafuta miwani.

"Zuwena, njoo. Jambo hili siwezi kulipitisha kwa kusikia. Wewe ndiwe unayeishi naye. Baba yako bado anaweza kukuozesha?"

Shaaban alitazama mkeka. Zuwena akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alimchungulia. Siku hiyo hata jina la dada halikumjia. "Binti, mbona unalia? Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Akida. Fundi cherehani."

"Ah! Akida namfahamu. Mkali kidogo yule."

Watu walicheka kwa sauti ya chini. Hata Zuwena.

"Una shida gani?"

"Nataka kuolewa, baba."

"Na nani?"

"Na huyu."

Mzee alimgeukia Shaaban, akamkagua kama anavyokagua kitambaa.

"Anasali?"

"Anasali."

"Ana kazi?"

"Fundi, kama Akida."

"Atakutunza?"

"Ananitunza hata sasa, baba. Mimi na wazee wangu."

Mzee Akida alifikiri sana, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Basi usilie. Nitazungumza na Akida. Atakubali. Akikataa, uje kwangu mimi."

Zuwena aliushika mkono ule, akaubusu. Alipogeuka, uso ulikuwa umelowa lakini kichwa chake kilikuwa juu.

"Shehe, hawezi tena. Hamjui yeyote kati yetu, wala hajijui mwenyewe. Baba mdogo aniozeshe."

Akaenda kuketi chumbani na wanawake, nyuma ya pazia. Mwanne alimkumbatia. Walisikia khutba, kisha sauti ya baba mdogo Abdu, iliyoanza kwa haraka yake ya kawaida na kukwama kidogo katikati.

"Shaaban, nimekuozesha mtoto wa ndugu yangu, Zuwena binti Akida..."

"Akida?" Ilikuwa sauti ya mzee, kubwa na safi. "Akida ni mimi!"

Zuwena alishika pazia.

"Ndiyo, baba," Shaaban alisema. "Ni wewe."

"Eeh," alisema mzee, ameridhika. "Endeleeni."

Wakaendelea. Shaaban alikubali ndoa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, na vigelegele vikapasua paa. Pilau ikaanza kupita. Katikati ya shangwe zile, mzee alisikika akilalamika kwamba watu wote wanakula, na yeye hajui amekaa kwenye arusi ya nani.

Zuwena akainuka.

"Wee! Bibi harusi hatoki!" Mwanne alimshika shela. "Hata hina haijakauka!"

"Anatoka," alisema Zuwena.

Akapita katikati ya wanaume, shela limefunika kichwa, akachukua sahani mbili. Moja akaiweka mbele ya baba yake na nyingine pembeni, ya shangazi. Shaaban alisogea kumpisha. Na pale mkekani, maharusi wawili wakakaa kushoto na kulia kwa mzee, wakamchambulia nyama.